Watu Wasiosema "Nitakuja" Hivi Hivi

Ilikuwa saa ya chai kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi hapa Reykjavík. Mwenzetu mmoja wa zamu, dada wa Kipolandi, alikuwa anahama Jumamosi ile, akauliza nani ataweza kuja kumsaidia kubeba vitu. Tukaitikia wote kwa mara moja: tutakuja, usiwe na wasiwasi.

Mmoja hakuitikia. Ni mama wa miaka sitini na kitu, Mwaislandi, mkongwe kuliko sote kwenye kazi hii. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata rais wa nchi, lakini ulimi wangu umekataa. Namwita Mama.

"Sijui bado," alisema. "Nitakujibu Alhamisi."

Chumba kikapoa. Kwa malezi niliyoyapata Machame, Kilimanjaro, jibu la namna ile ni la mtu mwenye roho ngumu. Kwetu unasema "nitakuja" kwanza, umtoe mwenzio wasiwasi, halafu siku ikikubana unapiga simu, unatoa udhuru, naye anaelewa. Kusema "sijui bado" usoni pa mtu ni kumnyima.

Alhamisi Mama akamfuata yule dada jikoni. Nitakuja saa nne asubuhi, akamwambia, na nitakaa mpaka gari la mwisho liondoke.

Jumamosi ikaja na dhoruba, upepo wa kumwangusha mtu na theluji inayopiga kwa ubavu. Tangu saa mbili simu za udhuru zikaanza kuingia. Mimi naishi jengo lilelile, safari yangu ilikuwa kushuka ngazi tu. Saa nne Mama alikuwa mlangoni, kofia imeganda barafu, anauliza friji iko wapi.

Tulipokaa kupumzika nikamuuliza kwa nini hakusema ndiyo tangu mwanzo, maana si alikuwa anajua atakuja? Akasema hakuwa anajua. Alikuwa na mjukuu mgonjwa, na gari lake lilikuwa gereji.

"Nikishalisema mbele ya watu," akasema, "lile neno si langu tena."

Shingoni huvaa nyundo ndogo ya fedha. Nilikuwa nimeiona siku zote nikidhani ni pambo. Siku ile ndipo nilipojua kuwa ni nyundo ya Thor, mungu wa radi, na kwamba Mama ni mtu wa Asatru, dini ya miungu wa kale wa kaskazini: Odin, Thor, Tyr, Freyja na wenzao.

Wiki zimepita. Kilichonikaa kichwani si ile nyundo. Ni lile "sijui bado".

## Ahadi zetu

Sote tumewahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Unaijua ile orodha: jina, ahadi, taslimu. Safu ya ahadi imejaa, safu ya taslimu ina mapengo, na mweka hazina anaibandika upya kila jioni akiandika "wapendwa, siku zimekaribia". Kanisani kwetu, KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tuna bahasha za ahadi zenye namba, na kufika Desemba kila mmoja anajua yake inasema nini.

Msemo tunao: ahadi ni deni. Lakini tumelizoea deni hilo kama deni la kwa Mangi, linaandikwa kwenye daftari la duka, linasubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi linasubiri mwingine.

Kwa Mama na wenzake deni hilo ndilo dini. Hawana amri kumi. Hawana imani ya kukiri kwa pamoja wakiwa wamesimama. Hawana kitabu kilichoshushwa. Wana mashairi ya kale, na lililo na uzito zaidi katika mwenendo wa kila siku linaitwa Hávamál, mausia yanayowekwa kinywani mwa Odin mwenyewe: namna ya kumpokea mgeni, namna ya kunywa bila kupoteza akili, namna ya kutunza rafiki. Limehifadhiwa kwenye hati ya ngozi iliyoandikwa Aislandi katika miaka ya 1270, ikakaa Denmark kwa karne tatu, ikarudishwa kwa meli mwaka 1971. Watu walijaa bandarini kuipokea.

Mwaka uliofuata, siku ambayo Waaislandi huihesabu kuwa ya kwanza ya kiangazi, kikundi kidogo kilianzisha chama cha Ásatrúarfélagið. Mkubwa wao alikuwa Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mfugaji wa kondoo, mshairi mwenye ndevu ndefu, fundi wa kughani tenzi za zamani. Askofu alipinga. Husimuliwa mpaka leo kwamba walipokwenda wizarani kuomba usajili walidhaniwa wanatania, na walipotoka tu radi ikapiga na umeme ukakatika katikati ya mji. Usajili walipewa mwaka 1973, na Agosti ile wakafanya ibada yao ya wazi ya kwanza shambani kwa Sveinbjörn, mvua ikiwanyeshea. Leo chama kina watu zaidi ya 5,000 katika nchi isiyofikisha watu 400,000.

Namba hiyo ukiiona kwenye karatasi ni ndogo. Ukiishi hapa unaiona kubwa.

## Mkono wa Tyr

Nilianza kumuuliza Mama maswali. Yeye huniletea hadithi, akishamaliza hufanya kazi nyingine, hanielezi nimeelewa nini. Ya kwanza ilikuwa ya Tyr.

Miungu walimlea nyumbani mbwamwitu aitwaye Fenrir, akakua mpaka wakamwogopa. Walimfunga kwa minyororo ya chuma, akaikata. Ndipo wakaenda kwa mafundi wa chini ya ardhi, wakatengenezewa utepe mwembamba kwa vitu sita: kishindo cha hatua za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Fenrir akashuku. Akasema atakubali kufungwa iwapo mmoja wao ataweka mkono kinywani mwake kuwa rehani kwamba hakuna hila. Wakatazamana. Tyr akaunyosha wa kulia.

Utepe ukakaza. Miungu wote wakacheka, isipokuwa Tyr.

Nilisikia hadithi hii nikiwa na rundo la mashuka mikononi, na sikuyaweka chini mpaka ilipoisha. Hakuna aliye safi ndani yake. Miungu walidanganya, na Tyr alijua wanadanganya. Lakini neno lilipokuwa limetolewa kwa jina la wote, yeye alikubali kulilipa kwa mwili wake.

Mama anasema humkumbuka Tyr akiwa na kalamu mkononi. Mahali alipofanya kazi miaka ya nyuma, aliwahi kutakiwa atie saini kwamba wagonjwa wa kitandani waligeuzwa kila baada ya saa mbili usiku kucha. Hawakugeuzwa, watu wa zamu walikuwa pungufu. Kila mtu alitia saini. Yeye aliandika saa alizowageuza kweli, na mapengo akayaacha mapengo. Akaondolewa kwenye zamu za usiku, na posho ya usiku ikaenda nayo. Aliieleza habari hii bila kujigamba wala kulalamika. Nilipomwambia kuwa ilikuwa hasara, akakubali kuwa ilikuwa hasara.

Halafu nikakutana na Odin, na hapo nikakwama.

Katika Hávamál hiyohiyo Odin anasimuliwa alivyoapa kwa pete, kiapo kikubwa kuliko vyote kwao, kisha akakivunja: akaiba pombe ya ushairi, ile inayompa mnywaji kipaji cha kutunga, na kumwacha Gunnlöð, binti aliyemwamini, akilia. Shairi linauliza waziwazi, nani atamwamini tena?

Mimi nimelelewa na Mungu asiyesema uongo. Yeye ndiye kipimo, na sisi ndio tunaopungua. Mtu anawezaje kulishika neno lake kwa uzito ule, huku mkuu wa miungu yake ni mvunja kiapo? Nililibeba swali hilo kwa Mama nikidhani nimempata.

"Babu yangu alikuwa mlevi," akasema. "Namheshimu. Namtajia jina lake, namwekea bia yake. Sinywi kama yeye."

Siku ile jibu halikunitosha. Nilirudi kulisoma lile shairi na ndipo nikaona jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza: aibu ya Odin inasemwa na Odin. Hawakuificha wala kumtafutia udhuru. Wameiweka kinywani mwake, ikarithiwa pamoja na mausia yake mengine. Bado sikubali kwamba mungu awe hivyo. Ila nimeacha kudhani kwamba hawa watu hawajafikiri.

Kiongozi wao wa sasa, Hilmar Örn Hilmarsson, mtunzi wa muziki, ameshawahi kusema hadharani kwamba haamini kuna mtu anayesadiki habari ya mzee mwenye jicho moja, yaani Odin, anayezunguka juu ya farasi wa miguu minane. Hadithi hizo wanazichukua kwa njia ya ushairi, namna ya kusema habari za nguvu za dunia na za moyo wa mtu. Mama hana hakika kama anakubaliana naye. Radi ikipiga yeye humsalimia Thor, na haoni sababu ya kujieleza.

## Kiwete hupanda farasi

Kwenye intaneti utakutana na orodha ya fadhila tisa za Asatru, ujasiri, ukweli, heshima, uaminifu na kadhalika, imepangwa vizuri ya kubandika ukutani. Orodha hiyo ni ya miaka ya 1970, si ya kale, na hapa Aislandi sijamsikia mtu akiitaja. Binafsi hainivutii. Fadhila zikishakuwa tisa mtu huanza kujipa alama.

Ninachokiona kwa Mama ni vitu vidogo vyenye ukaidi. Ukimpa mkate nusu, kesho utapata jamu. Si kubwa kuliko ulichompa, maana zawadi kubwa humwelemea mwenzio, na Hávamál linaonya kwamba ni heri kutoomba kuliko kutoa sadaka kupita kiasi, kwa kuwa kila zawadi hutazamia malipo. Kabla ya kuchimba kwenye kibustani chake husimama kidogo na kuwaambia wenye ardhi, viumbe wasioonekana wanaolinda mahali, anachotaka kufanya. Sheria za kale za nchi hii ziliamuru meli zivue vichwa vya madude vilivyochongwa mbele yake kabla ya kuona nchi kavu, ili walinzi hao wasiogope. Walinzi wanne wa Aislandi, ng'ombe dume, ndege mkubwa, joka na jitu, wamo kwenye nembo ya taifa mpaka leo.

Lakini lililonishika kuliko yote ni ubeti mmoja. Unasema kiwete anaweza kupanda farasi, asiye na mkono anaweza kuchunga, kiziwi anaweza kupigana na akafaa. Heri kuwa kipofu kuliko kuchomwa, maana maiti haimfai mtu.

Watu hutaja miungu hawa wakiwaza mashoka na vita. Mimi nimeuona ubeti huo ukifanya kazi kwenye korido yenye harufu ya dawa na supu ya samaki.

Kuna mzee wetu mmoja, alikuwa mvuvi, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Ratiba inasema akae kwenye kiti dirishani. Mama alimletea kamba na kipande cha wavu uliochanika. Anafunga fundo moja kwa dakika nyingi, na fundo linashika. Kuna bibi haoni kabisa, anamenya viazi kwa kupapasa, na viazi hivyo tunavila. Nasema tunavila kwa sababu nimewahi kuona nyumba za wazee ambako wanapewa kazi za kuwapitishia muda, kisha kazi hiyo inatupwa nyuma ya mlango. Mama hakubali hilo. Mtu akifanya kazi, kazi yake lazima ifae, vinginevyo umemfanya maiti kabla ya siku yake.

Na siku ikifika, kabla chumba hakijasafishwa, huingia na kusimama kando ya kitanda. Anataja mambo mawili matatu ambayo yule mtu aliyatenda. Si sifa za jumla. "Ulivuka mto kwa farasi kumfuata mkunga." "Ulinikaripia nilipokuja na viatu vichafu." Mali hufa, jamaa hufa, nawe utakufa, linasema shairi, lakini jina jema la aliyelipata halifi. Kwetu msiba una matanga, nyimbo, chakula, umati. Hapa mara nyingine ni Mama peke yake na mimi mlangoni, na nimeona kwamba inatosha.

## "Anakuja leo?"

Sasa nifike penye mgogoro wangu naye.

Tuna mzee ambaye kumbukumbu zimemtoka. Kila jioni anauliza kama mkewe anakuja. Mkewe alikwisha kufa. Ukimwambia ukweli, anafiwa upya mbele ya macho yako, na kesho atafiwa tena. Kwa hiyo wengi wetu tumejifunza kusema: anakuja kesho. Mimi husema Mungu akipenda, naiona ni njia ya katikati.

Mama hasemi anakuja. Wala hasemi amekufa.

Huvuta kiti. "Akija utamwambia nini?" humuuliza. Au, "Nieleze alivyokuwa anavaa Jumapili." Mzee huanza, na ukimwacha atakwenda nusu saa, hadi koti la kijani, hadi kofia aliyoipoteza kwenye mashua. Mwisho amechoka, ametulia, analala.

Nilistaajabu, kisha nikakasirika. Nusu saa! Nani ana nusu saa, na kengele tatu zinalia? Uongo wetu huchukua sekunde tano na mzee hulala vilevile. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba upendo mara nyingine hudanganya, kama mama anavyomwambia mtoto kuwa sindano haiumi, na kwamba dini isiyo na nafasi ya huruma hiyo ni dini ya watu wenye nguvu.

Hakubisha. Akasema kengele ni kweli, na kwamba zipo jioni ambazo naye hawezi kukaa. Jioni hizo hupita tu, humshika mzee bega, hasemi kitu.

Bado sijashawishika kabisa. Imani yangu inafundisha neema: mtu asiyeweza kulipa hulipiwa. Kwa Mama hakuna wa kumlipia. Ukimkosea mtu unakwenda kwake, unatengeneza ulichovunja, na asipokubali unakaa na jambo lako. Kwetu Uchaggani aliyekosa hupeleka jani la sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, na ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa. Nikimlinganisha Mama na sisi, naona sale ni hekima ambayo yeye hana. Namhurumia kwa hilo, na nimemwambia.

Lakini nimeona pia namna sisi tunavyoitumia neema. Mtu amekula mchango wa wenzake, akatubu mbele ya madhabahu, akasema Mungu amemsamehe, na waliochangia wakabaki wanatazama viatu vyao. Huyo angekuwa kwa Mama, angeulizwa swali moja tu: umerudisha?

Nimeacha kusema "anakuja kesho". Sijaacha kusema "Mungu akipenda".

## Pembe

Aprili, siku ya kwanza ya kiangazi, Mama alinialika kwenye bloti, ibada yao ya kutambika. Theluji ilikuwa inadondoka kidogo, kiangazi cha huku ndivyo kilivyo.

Niseme wazi kilichonifanya nisite. Mimi ni Mwafrika mweusi, na picha za miungu hawa nilizowahi kuona kabla zilikuwa kwenye mabango ya watu wanaotutaka tuondoke. Wanazi walizichukua herufi za kale wakazivisha askari wao wa SS. Marekani yapo makundi yanayosema Asatru ni ya damu ya kizungu peke yake. Kusimama kwenye duara la namna hiyo usiku, karibu na moto, si jambo la kwenda kichwa kichwa.

Mama hakuniambia niache kuogopa. Aliniambia nani amesimama wapi. Mwaka 2015 chama chao kilipata barua za matusi kutoka kwa waabudu wa Odin wa nchi nyingine, kwa sababu kinafungisha ndoa za watu wa jinsia moja na hakikubali ubaguzi. Mwaka 2016 vyama vingi vya Asatru duniani vilitoa tamko la kujitenga na kundi la Kimarekani lenye siasa za damu, wakaliita Tamko la 127, kwa ubeti wa 127 wa Hávamál unaosema ukiuona uovu uutaje kuwa ni uovu, wala usiwape adui zako amani.

Basi nikaenda.

Hakukuwa na damu. Moto, watu wa umri wote, watoto wakikimbizana, mkuu wa ibada akighani beti. Kisha pembe yenye kinywaji ikaanza kuzunguka. Kila inapofika, mtu hutaja anayemkumbuka, au hushukuru, au huapa jambo. Kijana mmoja aliapa kuacha kamari. Watu hawakumpigia makofi. Walimtazama tu, na ningekuwa yeye ningeliogopa jicho lile kuliko mahubiri yoyote, maana mwaka mzima atakutana nalo dukani na kwenye basi.

Pembe ikanifikia. Hakuna aliyeniangalia kwa namna ya pekee. Nilimtaja babu yangu, kwa jina lake kamili na la baba yake, nikanywa, nikampa aliyefuata.

Sikumbuki kama nimewahi kulitamka jina hilo mbele ya watu nje ya kaburi.

## Bila mashahidi

Mwaka 1000 hivi, kwenye baraza la Þingvellir, Waaislandi waligawanyika kati ya dini ya zamani na Ukristo, wakawa karibu kupigana. Wakamwachia uamuzi Þorgeir, mtu wa dini ya zamani. Alijifunika joho akalala kimya mchana na usiku. Alipoinuka akaamua wote wabatizwe, iwe sheria moja. Lakini mwenye kutaka kutambika atambike kwa siri. Akionwa na mashahidi, adhabu. Miaka michache baadaye hata ruhusa hiyo ya siri iliondolewa.

Nilipoisoma habari hii nilikaa nayo usiku kucha, maana naijua. Nimekulia ndani yake.

Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa. Wamishonari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na familia yetu ilibatizwa mapema. Jumapili babu alikusanya sadaka. Lakini zilikuwepo usiku ambazo sisi watoto tulifungiwa ndani mapema, na wanaume walikwenda na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mpaka kwenye masale kihambani, shamba la ukoo, na sauti ya babu tuliisikia ikitaja majina. Asubuhi bibi alituonya: msiseme kanisani. Hakuna aliyetuandikia sheria ya Þorgeir. Tuliishika kikamilifu.

Si kila mmishonari alitaka hivyo. Bruno Gutmann alifika Uchaggani mwaka 1902, akaishi Old Moshi miaka mingi, akaandika sana habari za mila za Wachagga, akiamini kwamba ukoo na ujirani ndio udongo ambao kanisa lingeota. Hata hivyo siri ilibaki siri, na mwishowe siri isiyorithishwa hufa na mwenyewe. Babu alikufa na majina mengi. Baba mdogo anayo machache.

Ndipo nilipoelewa kwa nini lile "sijui bado" lilinisumbua hivyo. Mama anaweza kulitoa neno mbele ya watu kwa sababu hana neno jingine la gizani. Sisi tuna mawili. La mchana tunalisema kirahisi, kwa kuwa tunajua kuwa lililo zito tumeliweka mahali pengine.

Sijajiandikisha kwenye chama chao, wala Mama hajaniomba. Sikumpokea Thor. Mimi ni Mlutheri, na Jumapili nipo kanisani, nikikiri imani niliyofundishwa. Sioni kwamba kulitaja jina la babu kunamwondolea Kristo kitu. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema huo ndio mlango wa mizimu. Nawasikia. Wengine ni ndugu zangu wa damu.

Nimempigia baba mdogo simu, nikamwuliza kabla sijaahidi chochote: Desemba watu wakirudi nyumbani, tunaweza kukaa kwenye masale mchana, watoto wakiwepo, ataje majina anayoyajua na mimi niyaandike? Mbege iwepo, na mchungaji akipenda aje, akae, asikie mwenyewe kinachosemwa. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema atajibu baada ya kuongea na shangazi. Alijibu Jumatano. Amekubali, na ameshaagiza ulezi.

Dada yangu mkubwa ameokoka, na amesema hatakanyaga. Tumezungumza mara kadhaa, nyingine kwa machozi. Nimemwambia sitamlazimisha, na kwamba chakula chake kitawekwa ndani, mbali na masale, kama anavyotaka. Ila mlango wa watoto hautafungwa.